Barua ya wazi kwa wanaopanga kodi zetu: fundi wa Salgaa hana eTIMS, sasa mimi nifanyeje?

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Fedha, kwako Kamishna Mkuu wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), na nyinyi waheshimiwa wa Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa,

Salamu kutoka Miritini, Mombasa. Mimi ni dereva wa lori na lori lenyewe ni langu (langu na la benki, tusidanganyane). Naendesha mwenyewe, natafuta mzigo mwenyewe, likiharibika usiku nalala nalo mwenyewe, na Juni ikifika nafaili ritani ya kodi mwenyewe. Sina kampuni, sina mhasibu, ofisi yangu ni kabati ndogo juu ya kiti cha abiria ambapo nimetia bahasha ya risiti, delivari noti, tikiti za mizani na chaja mbili za simu.

Kwanza niseme jambo moja ili tusikosane. Siombi kusamehewa kodi. Najua mtu wa lori akifungua mdomo kuhusu kodi kila mtu anadhani anatafuta mlango wa nyuma, sasa mimi naingilia mlango wa mbele. Barabara ninayopita haikujengwa kwa maombi. Na kila lita ya dizeli ninayotia ndani yake mna shilingi 25 za kutengeneza barabara, tangu mlipoipandisha kutoka 18 mwaka wa 2024, kwa hivyo mimi nalipa kodi kila ninapokanyaga mafuta, hata kabla sijajua kama safari hiyo itanilipa.

Ninachowaandikia ni kitu kimoja. Mnanitoza kodi kwa faida ambayo haijawahi kuingia mfukoni mwangu. Na si kwamba kuna mtu ananionea, sheria yenyewe ndiyo imekaa hivyo, na walioiandika sidhani kama walikaa kwenye lori hata kutoka hapa mpaka Mtito Andei.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mlisema gharama yoyote ya biashara isiyokuwa na invoisi ya eTIMS (ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki) haihesabiwi. Yaani nimetoa pesa, pesa imeenda, kazi imefanyika, lakini kwa macho ya kodi hiyo pesa bado iko mfukoni mwangu na ni faida. Na kuanzia Januari 2026 mashine yenyewe inakagua, ritani ya mwaka 2025 inalinganishwa na kilichoko kwenye eTIMS, kwa hivyo zile habari za kuandika gharama halafu ukaweka risiti za karatasi kwenye bahasha ukisubiri mtu aje kuuliza, hizo zimekwisha. Bahasha yangu imekuwa kama albamu ya harusi, ni ya kutazama tu.

Kwa duka la spea pale Changamwe hili ni jambo dogo, yule muuzaji ana kompyuta, ana mtandao, unampa PIN yako (namba yako ya kodi) anaandika, invoisi inatoka. Petroli steshoni kubwa pia hivyo hivyo. Tairi ukinunua kwa mwenye duka lake la maana utapata. Mimi sina shida na hao, na kusema kweli hata nimefurahi kwa sababu zamani ulikuwa ukiomba risiti ya ETR (ile mashine ya zamani ya risiti za kodi) unaulizwa kwa bei gani, yenye risiti au isiyo na risiti. Hilo mmelirekebisha, hongera.

Lakini lori haliharibikii dukani.

Lori linaharibikia Salgaa, kule barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, saa nane usiku. Springi imekatika, gari limelala upande mmoja kama mtu aliyeumwa na nyonga, nyuma yangu trela zinapiga honi, tanboi (msaidizi wangu wa safari) ameshaweka matawi barabarani. Anakuja fundi na kijana wake, wana jeki la tani ishirini, nyundo, tochi ya kichwani na kipande cha mabati cha kulalia. Wanaingia chini. Tunapatana bei nikiwa nimechuchumaa namsikia sauti tu, uso simuoni. Anafungua nati za yuboti zimeshika kutu, anazipiga, anamtuma kijana wake akaamshe mtu mwingine mwenye springi ya mtumba inayoingia kwenye gari langu, kijana anarudi nayo begani anahema. Mpaka kunaanza kupambazuka gari limesimama sawa. Namlipa kwa M-Pesa, kwa namba yake ya simu maana till, ile namba ya malipo ya biashara, hana, halafu nikiwa nimeshamshukuru nikamwambia, fundi, naomba invoisi ya eTIMS, PIN yangu hii hapa. Akaniangalia. Akamuangalia kijana wake. Akaniuliza, boss, hiyo ni ya nini, au wewe ni wa serikali? Nikamwambia la, ni ya kodi. Akacheka akasema basi ningojee kuche kabisa niulize pale kwa M-Pesa labda wanauza.

Msimcheke huyo fundi. Usiku ule yeye alikuwa mtu wa maana kwangu kuliko mtu yeyote kwenye jamhuri hii. Alinitoa barabarani kabla sijagongwa. Na pesa niliyompa ni pesa halali, iko kwenye taarifa ya M-Pesa, jina lake, tarehe, saa na dakika. Lakini kwa hesabu zenu mimi usiku ule sikutumia hata shilingi, nililala Salgaa kwa starehe zangu.

Mtaniambia fundi ajisajili, eTIMS ni bure, hata kwa simu ya kubonyeza anaweza, *222# na yamekwisha. Ni kweli, naijua hiyo, mimi mwenyewe nikitoa invoisi kwa mwenye mzigo wakati mwingine natumia simu. Lakini kujisajili kwake ni juu yake na juu yenu, nyinyi ndio mna sheria na maafisa na magari. Mimi nina nguvu gani ya kumlazimisha mtu aliye chini ya gari langu usiku, ameshika springi mkononi? Nimwambie kama huna eTIMS toka huko chini? Nyinyi mmeshindwa kumpata huyo mtu mchana mkiwa na kompyuta zote, sasa adhabu ya kutompata mmeniwekea mimi.

Najua pia mwishoni mwa 2024 mlibadilisha sheria kidogo, mkasema ukinunua kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 5, mnunuzi anaweza kutoa invoisi kwa niaba yake. Nilifurahi niliposikia, wallahi nilidhani ndiyo hiyo tumeokoka. Kumbe bado inataka nimtambulishe muuzaji kwa PIN yake. Jaribuni siku moja kumuomba mtu wa pancha PIN yake ya KRA. Atakuambia basi usilipe, endelea na safari yako salama, na kesho ukipita pale hakuna atakayekugusia tairi.

Na sasa niwaonyeshe kitu ambacho kimeniudhi kuliko vyote. Kwenye kanuni zenu za eTIMS kuna orodha ya vitu vilivyosamehewa, havihitaji hiyo invoisi ya kielektroniki. Mishahara imesamehewa, sawa, hapo tanboi wangu amepona. Riba imesamehewa, ada za benki zimesamehewa, bidhaa zilizoagizwa kutoka nje zimesamehewa. Tiketi ya abiria wa ndege imesamehewa. Huduma uliyopewa na mtu asiye mkaazi na ambaye hana biashara ya kudumu hapa nchini, hiyo pia imesamehewa.

Sasa tembeeni na mimi pole pole. Anayepanda ndege kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa biashara zake, tiketi yake inahesabiwa bila eTIMS. Mimi ninayeenda Nairobi hiyo hiyo na mzigo mgongoni, pancha yangu ya Mariakani haihesabiwi. Na kwa jinsi ninavyoisoma hiyo kanuni, nikivuka Malaba nikapata pancha Tororo, nikatengenezewa na fundi Mganda, ile gharama haidai eTIMS kwa sababu yule si mkaazi wa Kenya. Nikipata pancha hiyo hiyo Webuye kwa fundi Mkenya, imeniangukia. Kwa hivyo kodi ya Kenya inanishauri niombee tairi ipasuke Uganda. Kweli waheshimiwa, mliikusudia hivyo?

Tupige hesabu, maana bila hesabu haya yatakuwa malalamiko ya kijiweni tu. Hizi si namba zangu, ni za mfano, lakini dereva yeyote mwenye gari lake akizisoma atasema huyu anajua anachosema.

Tuseme trela ya tani 28 inaingiza shilingi 400,000 kwa mwezi. Mtu akisikia laki nne anadhani tajiri huyo. Dizeli inakula 220,000, na hiyo ina invoisi zake safi. Bima, riba ya mkopo, tairi za dukani, mshahara wa tanboi na kuchakaa kwa gari (ambako sheria inanipa 25% kwa mwaka, hapo sina neno) tuseme 80,000. Halafu kuna zile za barabarani ambazo hakuna mwenye eTIMS, mafundi wa njiani, pancha, makuli wa kupakia na kushusha, mlinzi wa pakingi ili wasikunyonye mafuta usiku, turubai na kamba, chumba cha kulala siku moja moja mwili ukikataa kabisa kulala kwenye kebini, chakula. Tuseme 60,000. Sijataja ile nyingine tunayotoa dirishani tukiwa tunaendesha, ile hata invoisi yake siitaki. Kinachobaki ni 40,000 kwa mwezi, 480,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida. Hiyo ndiyo ada ya shule na unga na kodi ya nyumba.

Kwa viwango vyenu, 288,000 za kwanza ni 10%, laki moja inayofuata 25%, na zinazofuata hapo 30%. Kwenye 480,000 inatoka 81,400, unatoa ile nafuu ya mwaka ya 28,800, nabaki na kodi ya 52,600. Hiyo nalipa, tena nalipa bila kunung'unika.

Lakini zile 60,000 za barabarani mkizikataa, kwa mwaka ni 720,000, mnazirudisha juu zikawa faida. Sasa kwenye karatasi mimi nimepata milioni moja na laki mbili. Kodi inakuwa 268,600. Mfukoni nina 480,000, mnataka 268,600, zaidi ya nusu. Tofauti ya hapo ni 216,000, na hizo 216,000 ni kodi ya springi ya Salgaa na makuli wa Industrial Area. Na fundi mwenyewe hamkumpata hata kwa hiyo, bado yuko pale pale na jeki lake.

Kuna watakaosema si uende kwenye kodi ya mauzo, ile TOT, haina mambo ya gharama. Ndiyo, ni 3% ya kila kinachoingia tangu Julai 2023, kwa aliye kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kwa mfano wetu ni 3% ya 4,800,000, yaani 144,000. Ni afadhali kuliko 268,600, lakini ile kodi ya haki ilikuwa 52,600, kwa hivyo hapo unachagua ni nani akupige kidogo. Asilimia tatu ya mauzo kwa mwenye duka la simu au wa saluni labda si kitu, lakini kwa lori, ambalo zaidi ya nusu ya pesa inapita tu kuelekea kwenye tangi, asilimia tatu ya mauzo ni karibu theluthi moja ya faida. Na mwezi ambao gari limelala gereji wiki mbili ukala hasara, TOT haijui hasara, inataka chake tu.

Halafu TOT inalipwa kila mwezi isipite tarehe 20. VAT pia ni tarehe 20. Na anayelipa kwa mafungu manne ya mwaka, ni tarehe 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Disemba. Mimi tarehe 20 inaweza kunikuta kwenye foleni ya Malaba simu imekufa.

VAT yenyewe sitaizungumza sana. Niseme tu kwamba kiwango cha kusajiliwa kimekaa kwenye milioni 5 na lori moja tu likipata msimu mzuri linavuka hapo bila mwenyewe kuwa na biashara yoyote kubwa. Kwenye ule Mswada wa Fedha wa 2024 mlitaka kukipandisha mpaka milioni 8, hapo nilikuwa upande wenu kabisa. Mswada huo huo pia ulianza na kodi ya gari ya 2.5% ya thamani yake kila mwaka, ambayo mliitoa wenyewe watu walipopiga kelele, halafu mswada mzima ukaondolewa mwisho wa Juni kama sote tunavyokumbuka kwa uchungu. Kwa hivyo kibaya kikaondoka na kizuri kikaondoka nacho. Sasa kile kizuri kiko wapi?

Tuje kwa ile kodi ya mapema, advansi. Lori kwa sheria linalipa shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo wake wa kubeba kwa mwaka, au 5,000, ile iliyo kubwa. Trela ya tani 28 ni 70,000. Bila hiyo gari halipati karatasi zake. Mtazame tena mfano wetu, kodi halali ya mwaka mzima ni 52,600, na advansi peke yake ni 70,000. Yaani kwa hesabu ya kweli huyu dereva ameshalipa yote kabla ya kuwasha injini, tena kuna 17,400 za kurudishwa au kusongezwa mbele! Lakini nani amewahi kukaa na dereva akamwambia hiyo advansi si ada ya leseni, ni kodi yako ya mapato umetanguliza, ukifaili ritani uiweke uikate? Madereva ninaowajua mimi wanaichukulia kama ada tu, imeenda imeenda. Kwa sababu mtu wa saiba (duka la kompyuta na intaneti) anayewafailia naye hajui, au anajua lakini ile sehemu ya fomu inamchosha, anawawekea nil (ritani ya sifuri, ya mtu asiye na mapato) wamalize, anachukua pesa yake ya chai na mandazi, mteja mwingine aingie.

Hapo kwa nil ndipo niwaombe mfikirie vizuri. Mtu ana trela barabarani, analipa advansi ya maelfu, na amefaili nil. Nyinyi mkiangalia kwenye kompyuta mnaona mkwepaji. Mimi nikiangalia naona mtu aliyelipa kodi kuliko anavyodaiwa na hakujua. Sisemi wote ni hivyo, kuna wajanja, tena wajanja hasa, wana magari manane kwa majina ya shemeji. Lakini njia mliyotengeneza inafanya muaminifu na mjanja wafanane, kwa sababu kufaili nil ni dakika mbili kwa simu, na kufaili kama mtu aliyejiajiri inabidi ushushe lile faili la ekseli lenye makro, kwenye kompyuta, ujaze kurasa moja baada ya nyingine, ulihakiki, likatae kwa sababu ya nukta moja, uhakiki tena, lizae faili lingine, ndiyo ulipandishe. Mimi kompyuta sina. Simu ninayo. Nimelifanyia hilo faili kazi saiba ya Mlolongo lori likiwa limeegeshwa nje, kila baada ya dakika kumi natoka kuangalia kama betri bado ipo. Na ukichelewa 30 Juni ni faini ya 2,000 au 5% ya kodi, ile iliyo kubwa.

Sasa nifike kwenye ombi langu, na ombi lenyewe si geni, nimelitoa kwenye sheria yenu wenyewe.

Kwenye Sheria ya Fedha ya 2025 mlifanya jambo zuri sana kwa walioajiriwa. Mtu akitumwa kazi nje ya kituo chake, posho ya siku ilikuwa haikatwi kodi kwa 2,000 za kwanza, mkaipandisha mpaka 10,000 kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Sheria inaichukulia hiyo 10,000 kuwa ni kufidia gharama zake, basi, inaachwa. Hakuna anayemuuliza yule afisa aliyeenda semina Naivasha alete eTIMS ya nyama choma. Mmeelewa kwamba mtu akiwa safarini anatumia, na hawezi kuandama kila mama wa chapati amuombe invoisi, na mkaweka kiwango cha busara mkaenda zenu.

Mimi niko safarini maisha yangu yote. Kituo changu cha kazi ni usukani. Nalala Mariakani, nalala Emali, nalala Maai Mahiu, nalala Burnt Forest na blanketi mbili kwa baridi ile. Na kwa sababu nimejiajiri, kiwango changu ni sifuri. Sifuri kabisa. Aliyeajiriwa kuendesha lori la kampuni, amepita barabara ile ile, amelala pakingi ile ile, tena tumekula meza moja, posho yake mpaka 10,000 kwa siku haiguswi. Mimi chai yangu ni faida.

Basi tupeni na sisi. Wala siombi 10,000. Wekeni kiwango cha siku ya barabarani kwa dereva mwenye gari lake, kisichohitaji eTIMS, kiwe cha chini kiasi kwamba hakuna atakayepata faida ya kudanganya. Au mkitaka wekeni kwa kilomita, kwa sababu lori huharibika kwa kilomita. Ushahidi wa kwamba nilikuwa safarini mnao nyinyi wenyewe, mizani ya Mariakani inanipima, ya Athi River inanipima, ya Gilgil, ya Webuye, kila moja ina namba ya gari na saa. Mzigo wa transiti mnaufunga kufuli la elektroniki mnaufuata kwenye skrini hatua kwa hatua mpaka mpakani. Mnajua nilipo kuliko mke wangu. Sasa inakuwaje mnajua niko Salgaa usiku lakini hamuamini kwamba nilitumia pesa Salgaa?

Na hili si wazo la kuota. Marekani, ambako nina jamaa zangu wanaoendesha trela, serikali inampa mtu wa usafirishaji kiwango cha dola 80 kwa siku ya safari ndani ya nchi, kuanzia Oktoba 2024, na dereva aliyejiajiri anayefuata zile saa za kisheria za kuendesha anaruhusiwa kutoa 80% ya hicho kwenye mapato yake. Risiti ya chakula haulizwi, inatazamwa logi ya safari tu. Na hao si watu wa kulegeza kodi, waulizeni walioko huko. Kitu cha kuchekesha ni kwamba huko ni kinyume chetu, aliyejiajiri ndiye anayepata na aliyeajiriwa walimuondolea tangu mwaka wa kodi wa 2018. Mimi sitaki mumuondolee mtu, niwekeni tu kwenye meza.

La pili ni dogo, linataka mtu wa kompyuta wiki chache tu. Advansi niliyolipia namba ya gari langu ijitokeze yenyewe kwenye ritani yangu. Gari liko kwa PIN yangu, malipo yako kwa PIN yangu, ritani iko kwa PIN yangu. Gharama zangu mmeweza kuzilinganisha na eTIMS mpaka shilingi ya mwisho, basi na hii 70,000 mnayoishika iwekeni hapo mbele ya macho yangu.

La tatu, fomu ya simu kwa aliyejiajiri mwenye gari moja au mawili. Iwe na kilichoingia, dizeli (hiyo mnayo kwenye eTIMS), mkopo, bima, siku za barabarani, advansi, nimalize. Nil iliweza kuingia kwenye simu, na hii itaweza.

Huyo fundi naye msimsahau, lakini msimfuate na pingu. Mkitaka aingie kwenye eTIMS, nendeni Salgaa, Mlolongo na Malaba jioni, si saa nne asubuhi kwani hapo amelala, muwe na mtu anayeongea kama watu, mumuonyeshe kwa simu yake mwenyewe, na mumhakikishie kwamba aliye chini ya milioni moja kwa mwaka hafuatwi na TOT. Anaogopa kwa sababu anadhani kujisajili ni kujifunga kamba. Mimi nimemwambia mara kadhaa lakini mimi ni mteja tu, ananijibu na wewe umekuwa ajenti wa serikali.

Mswada wa Fedha lazima ufike bungeni kabla ya Aprili kwisha, na Mei mnaita wananchi watoe maoni. Mei mimi huwa sijui nitakuwa wapi, kwa hivyo haya ndiyo maoni yangu, yachapisheni muyatie kwenye faili. Kamati ikipenda kusikia kwa mdomo, wekeni kikao kimoja Mlolongo jioni, pakingi yoyote, tutakuja na bahasha zetu. Chai itakuwa juu yetu, ila mama wa chai hana eTIMS.

Ni mimi,
Dereva mwenye lori lake,
Miritini, Mombasa